Mama Aliyekuwa Chini ya Shuka

Nilistaafu Ijumaa iliyopita, saa ya mapumziko, nikiwa na miaka kumi na saba. Mwalimu Sekela, mlezi wa klabu yetu ya historia, aliniita ofisini, akanyoosha mkono, akasema, "Zuhura, ufunguo wa sanduku. Mtihani wa kidato cha nne hautakusubiri umalize kuzungusha picha za marehemu." Nikautoa. Mjomba wangu alipostaafu reli alipewa saa ya ukutani na mbuzi. Mimi nilipewa mazoezi ya hesabu.

Haya basi, nayaandika kwa ajili yenu wa kidato cha kwanza na cha pili mnaorithi kazi. Habari za vyeo nitaziruka kwa sababu sikupata hata kimoja, na mshahara ulikuwa soda, tena si kila mara. Nitasema tu kazi ilivyokuwa, ili siku mtakapokosea mkosee makosa mapya, yale ya kwetu tumeshayamaliza.

Nilijiunga na klabu kwa sababu za kizalendo: wanaklabu walikuwa wanasamehewa kumwagilia bustani ya shule. Siku yangu ya kwanza nilimkuta Mwalimu Sekela ameweka juu ya meza sanduku la bati, amelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga kwenye stendi. Alikuwa amekwenda studio ya zamani hapa Makole kupiga picha za pasipoti, akaambiwa studio imekufa pamoja na mwenyewe, Mzee Rajabu. Binti wa marehemu, Mama Rehema, alikuwa anasafisha chumba ampangishe kijana wa kutengeneza simu. Sanduku lilikuwa njiani kwenda jikoni kuwashia mkaa.

Ndani mlikuwa na picha ambazo watu walipiga halafu hawakurudi kuzichukua. Wengine walihama, wengine walifariki, wengine nadhani walijiona walivyotoka wakasingizia mvua. Picha nyeusi na nyeupe, nyuso zimekaza kama zinasubiri sindano. Mwalimu akasema kazi yetu ni kuwatafuta wenyewe, au watoto wao, au wajukuu, tuwape bure.

"Mwalimu," nikamuuliza, "na wasipopatikana?"

"Utarudi bustanini."

Nikawatafuta kwa moyo wote.

Vifaa vya kazi ni hivi. Soksi nyeupe za pamba, safi, za kuvaa mikononi, maana vidole vina mafuta na picha ya zamani inakula mafuta. Nimesema safi. Mwenzangu Yona alileta zake siku ya michezo na tukafungua madirisha yote. Lenzi ya kukuzia, tuliyoiazima maabara ya fizikia na ambayo, kwa mujibu wa fizikia, bado iko maabara. Simu ya Mwalimu. Bahasha za khaki. Na jambo moja la kukataa: mtu akikuambia mkaipige laminesheni ile picha "isiharibike", mwambie mkaanze kumlaminesha yeye.

Kuhusu Yona, mtamsikia sana humu, kwa hiyo nimtambulishe. Yeye ni Mgogo, mimi Mrangi wa Kondoa. Yaani ni watani. Ananitukana kwa haki na mimi namtukana kwa haki, na mwalimu wa nidhamu hana la kufanya kwa sababu ni mila. Yona ndiye aliyekuwa na subira. Mimi nilikuwa na mdomo. Kazi hii inahitaji vyote viwili, ila si lazima viwe kichwani kwa mtu mmoja.

Mwalimu wetu halisi alikuwa Mama Rehema. Alikaa studio ile tangu akiwa mtoto, akimshikia baba yake taa. Lakini tulimfahamu kwa kuchelewa, baada ya aibu ya koti.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni tulikuwa tunapeleka picha, tunamwonyesha mtu, tunauliza, "Unamjua huyu?" Kosa. Mtu ukimwonyesha picha ya zamani anataka sana awe anamjua. Tulikuwa na picha ya bwana mmoja ndani ya koti zuri lenye mistari, mfuko wa kifuani umechanika pembeni. Ukoo mmoja wa Hombolo ulikuwa na picha ya babu yao, koti lilelile, mfuko uleule. Tukawapelekea. Wakalia. Wakachinja kuku. Nikala paja. Kisha tukachimba sanduku tukakuta bwana mwingine ndani ya koti lile, na mwingine, na mwingine, mmoja mfupi hadi mikono imepotea. Tukamkimbilia Mama Rehema. Akaingia chumbani, akarudi na koti lenyewe kwenye hanga.

"La studio," akasema. "Baba alikuwa anawaazima. Watu wa vijijini wangekuja na koti wapi? Hili limeoa wanawake wengi kuliko sultani."

Tulirudi Hombolo kuomba radhi. Mzee wa ukoo akatusikiliza, akaitazama picha ukutani, akasema hawaitoi. Walishamzoea. Mpaka leo wanamwita babu wa mkopo.

Hapo ndipo Mama Rehema alipotupa sheria ya kazi, na naomba muiandike mahali: uliza kwanza, onyesha baadaye. Mwache mtu aseme anachokikumbuka wakati picha bado iko kwenye bahasha. Akisema bibi yangu alikuwa na kovu kidevuni, ndipo unafungua. Akisema bibi yangu alikuwa mzuri, kunywa maji, aga.

Sasa niwaambie ile iliyonifanya niache kuhesabu ni bustani ngapi nimekwepa.

Ilikuwa picha ya mtoto mchanga, kakalishwa kwenye stuli. Nyuma yake kuna pazia la studio lenye ndege ya abiria, iliyochorwa na mtu ambaye hajawahi kuona ndege. Mtoto hajui kukaa bado, kwa hiyo kuna mtu nyuma yake kafunikwa shuka gubigubi, amemshika kiunoni. Mama Rehema alisema ndivyo walivyofanya: mteja akitaka picha ya mtoto peke yake, mama anafunikwa, anamshikilia asidondoke. Unaona mtoto, unaona kilima cha shuka, na mikono miwili inayotoka chini yake.

Yona aliiangalia kwa lenzi mpaka nikamuuliza kama amelala.

"Hesabu vidole," akasema.

Mtoto alikuwa na vidole sita mkono wa kushoto. Kile cha sita kidogo, kimeota pembeni.

"Sasa wewe Mrangi hesabu vya mama."

Sita. Kushoto vilevile.

Mama Rehema akasema pazia lile lilitumika miaka ya mwanzo tu, baba yake alipofungua studio, kabla ya kununua la maua. Kwa hiyo mtoto yule, kama yupo, ni mzee. Jina lake hakulijua, na la mama hakulijua. Tulichokuwa nacho ni kidole.

Tukatangaza bila kuonyesha picha. Mwalimu aliweka kwenye status, Yona akaomba itangazwe kanisani kwao, mimi nikamwomba mama yangu aseme kwa wenzake wanaouza karanga minadani: anatafutwa mzee, mwanamume au mwanamke, mwenye vidole sita mkono wa kushoto. Hamtaamini walivyo wengi watu wanaopenda kutafutwa. Mmoja alikuja shuleni akavua kiatu. Tukamwambia tunatafuta mkono. Akasema, "Lakini sita si sita?"

Jibu lilitoka Kongwa. Mwanamke mmoja, Tabu, alimpigia Mwalimu: bibi yake anacho hicho kidole, anaitwa Bibi Nyemo, na mama yake alifariki yeye akiwa bado hajatambaa. "Ila sijamwambia kitu," akasema. "Hapendi kuzungumzia huo mkono."

Tulikwenda Jumamosi, Mwalimu, Yona na mimi. Nyumba ilikuwa ya tofali, na nyuma yake tembe la zamani la udongo limebaki kama stoo ya kuku. Bibi Nyemo alikuwa uani anapepeta karanga, khanga imeshuka hadi imefunika mkono wa kushoto. Yona akaamkia kwa Kigogo. Mimi nikasema shikamoo.

"Marahaba. Huyu wa kabila gani?"

"Mrangi, Bibi."

"Tabu," akamwita mjukuu wake, "hesabu kuku."

Nikajua tutaelewana. Nikamwambia kuku wake wamekonda, hata mwizi angewarudisha na pole. Akacheka, na alipocheka akainamisha uso ndani ya khanga kama anayeficha kitu. Akasema zamani yeye ndiye aliyekuwa akiamkia watu, asubuhi nzima shikamoo, shikamoo, mpaka maji ya mtoni yanachelewa. Sasa ni marahaba tu. "Nikitoka hapa mpaka kanisani hakuna ninayemwamkia. Wote wamekwisha. Mtu ukikosa wa kumpa shikamoo, mwanangu, unakuwa kama paa la nyumba. Juu yako ni jua tu."

Sheria ni sheria. Bahasha ikabaki mapajani kwangu. Mwalimu akamuuliza anachokijua kuhusu mama yake.

Kilikuwa kidogo. Baba yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko Kilosa. Mama alibaki na mtoto, akaugua homa, akafa. Baba aliporudi akaoa mwingine, na huyo ndiye aliyemlea. "Hakunipiga. Nisimsingizie. Ila alikuwa akiniambia, kidole hiki hakina ukoo. Kwa baba yako hakipo. Kwa mama yako hakipo. Umekitoa wapi wewe? Mtoto unaulizwa hivyo, sasa ujibu nini? Baba naye hakumtaja kamwe marehemu mke wake. Nikawa nakifunika."

"Na mama alikuwaje?" nikauliza. "Walikuambia?"

"Walisema mtu wa kununa. Kwa nini, sijui. Sura yake sijawahi kuiona hata siku moja. Ningemwona njiani ningempita."

Nikamtazama Yona. Yona akaitikia kwa kichwa taratibu, maana yake fungua. Nikavaa soksi zangu mikononi, Bibi akaniuliza kama miguu ya Warangi imehamia huku, nikaitoa picha nikamwekea juu ya ungo.

Alimtazama mtoto. Akauliza ni nani. Tukamwonyesha kidole cha mtoto. Kisha Yona akapiga goti, akamwelekezea ule mkono wa kushoto uliotoka chini ya shuka, na kumhesabia kwa Kigogo, polepole, hadi cha sita.

Bibi Nyemo akatoa mkono ndani ya khanga, akauweka kando ya ile picha. Akaulinganisha.

"Basi nilikitoa kwake," akasema mwisho. Halafu akaweka kidole juu ya kile kilima cha shuka, pale kichwa kilipo, akasugua, kama mtu anayetaka kufunua. "Na yeye yuko hapa ndani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mmemfunika kwa nini?"

Mwalimu akamweleza ilivyokuwa. Bila shaka picha ilikuwa ya kumpelekea baba huko Kilosa, aone mtoto wake, ila homa ikamwahi mama kabla hajarudi kuichukua. Mama mwenyewe hakuwa na haja ya kuonekana, baba alishamwona. Bibi akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akasema, kwa upole kabisa, na ndiyo iliyotuua: "Amekuja karibu hivi, na bado simwoni."

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyemtania mwenzake. Karibu na mjini Yona akasema, "Tulipaswa kufurahi."

"Tumempa mkono," nikasema. "Nani anafurahia kupewa mkono tu?"

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Rehema kulalamika. Nilimkuta anamenya viazi. Akanisikiliza, akasema, "Mtoto mchanga hakupigwa picha moja. Baba alikuwa anapiga kadhaa, maana watoto hulia. Halafu anasafisha ile iliyotoka vizuri tu, ile aliyoagiza mteja. Zilizobaki zinakaa kwenye negativu."

Kwa nyie mliozaliwa na simu: kusafisha ni kuitoa picha kwenye karatasi, na negativu ni ile filamu yenyewe, ambapo mtu mweusi anatoka mweupe na mashati meupe yanatoka meusi. Nikauliza ziko wapi. Akaacha kumenya.

"Zilikuwa makopo mengi. Sasa, siku ile jua lilipopatwa, watoto wa mtaa mzima walikuja kuomba. Wakazikatakata, wakaangalilia jua."

Nadhani niliona kupatwa kwa jua hapohapo, jikoni kwa watu. Mtu anatafuta uso wa mama yake maisha yote, na uso huo huenda mtoto fulani wa Makole alitazamia jua halafu akautupa mtaroni. Tena kutazama jua namna ile kunaharibu macho. Hasara pande zote.

Lilikuwa limebaki kopo moja la maziwa ya unga, juu ya kabati. Tulilipeleka shuleni. Vipande vingine vilikuwa vimegandana kwa joto, tukavibandua kwenye maji safi kama alivyotufundisha Mama Rehema, bila kuvuta, unasubiri vyenyewe viachiane. Nilitaka kuvuta. Yona alinishika mkono mara nyingi sana. Tuliwasha simu ya Mwalimu ikatoa mwanga mweupe, tukaweka filamu juu yake, tukaitazama kupitia simu aliyotuazima Mama Rehema, iliyogeuzwa rangi. Utundu huo niliujua mimi, kwa sababu nilishawahi kugeuza rangi za simu ya baba akadhani ameanza kupofuka.

Tulipita harusi, vipaimara, mabwana wa koti. Ndege tuliiona, tukashtuka, ikawa ya mtu mwingine. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa nimeanza kutamani bustani.

"Zuu," Yona akaniita, sauti imeshuka. "Njoo. Mama katoka."

Kilikuwa kipande cha filamu chenye picha tatu. Ya kwanza ile yetu. Ya pili mtoto analia, mdomo wote wazi. Ya tatu shuka limeshuka mabegani, na juu yake ametokea msichana. Mwanamke, samahani, lakini alikuwa msichana, wa rika letu sisi, tundu kubwa la sikio kama walivyotoga zamani, nywele zimevurugwa na shuka. Alikuwa amejitikisa, kwa hiyo upande mmoja wa uso umefifia kidogo. Anamtazama yule mtoto anayelia, naye anacheka. Si kutabasamu. Anacheka kicheko cha kushindwa kujizuia.

Mama Rehema alipoiona akasema baba yake asingeisafisha ile hata kwa dawa. Mteja katikisika, picha imeharibika.

Tulikwenda kuichapisha Chimwaga, kwenye steshenari moja karibu na chuo. Onyo: vijana wa kule wanapenda kusaidia. Yule kijana alikuwa ameshaanza kumlainisha ngozi mama wa watu, akataka amuunganishie sikio na amwekee rangi ya mdomo.

"Kaka," nikamwambia, "toa mkono hapo."

"Dada, imefifia huku. Program inatengeneza uso mpya kabisa."

"Uso mpya anao kila mtu. Sisi tunataka huo."

Akachapisha ilivyo, kubwa kama kalenda, kwa sababu Tabu alituambia Bibi ana mtoto wa jicho na vidogo havioni.

Tulimkuta uani palepale. Hatukumwambia tumeleta nini, ila watu wazima hawadanganyiki na watoto walioshika karatasi kwa mikono miwili. Akaomba kiti kihamishwe kwenye jua, anaona vizuri kwenye jua. Tabu akakihamisha. Mkono wa kushoto ulikuwa nje, juu ya goti. Sikusema kitu kuhusu hilo. Mtani naye ana mipaka.

Safari hii sikuuliza kwanza. Nilishauliza siku ile. Nikaifungua, Yona akashika upande mmoja, mimi mwingine.

Bibi alisogeza uso mpaka karibu aguse karatasi. Akaanzia kwenye sikio. Akaja kwenye jicho. Akafika mdomoni, akakaa hapo.

"Walisema alikuwa mtu wa kununa," akasema.

"Bibi," Tabu akasema nyuma yetu, "ndivyo unavyocheka wewe. Hivyohivyo, na shingo."

Bibi Nyemo akanyooka kwenye kiti. Akajifunga khanga vizuri, kama mtu aliyeona mgeni anaingia uani. Mbele yake alikuwa binti mdogo kuliko mjukuu wake, nywele timutimu, anacheka. Yule mzee, ambaye kuanzia pale mpaka kanisani hakuwa na wa kumwamkia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Kisha akasubiri, kama mtu anavyosubiri kuitikiwa. Nami nilishika tu upande wangu wa karatasi, nisitikisike.

Ufunguo anao Mwalimu Sekela. Sanduku bado limejaa.